Kina Mita Nne

Mimi ndiye mkata tiketi pale Namtamba.
Ukitoka Mingoyo unaacha lami,
mkonge kushoto, mkonge kulia,
hadi ubao wa buluu: KARIBU BWAWANI.
Mtu mzima elfu mbili. Mtoto elfu moja.
Boti la pedali, nusu saa, elfu tano;
lina shingo ndefu nyeupe, ya ndege
ambaye huku kwetu hana jina.
Watoto wamempa la kwao: Bibi Harusi.

Bwawa hili lilichimbwa kwa karai na utosi.
Wachimbaji wengine walishuka kutoka Newala,
wengine walivuka Ruvuma na mkeka mmoja,
siku thelathini, alama thelathini kwenye kipande.
Maji ni ya korona, waliambiwa, ya kuoshea nyuzi.
Mwaka haujaisha, Mgiriki akaleta mashua ya rangi,
mwavuli, santuri na kreti za soda,
na kila Jumamosi babu yangu Nanjota
akamtembeza mke wa Mgiriki kwa makasia,
mikono yake ndani ya glavu nyeupe
asije akachafua mpini
alioupiga msasa mwenyewe.

Mgiriki akaondoka. Shamba likawa la umma.
Bwawa likawa la perege na madumu,
na sisi wavulana tukajitupa uchi kutoka juu ya bomba.
Sasa lina mwenyewe tena,
lina chipsi, spika mbili na viti vya plastiki.

Juzi, Idi Pili, watu wamejaa hadi kwenye tuta,
kaja bibi yangu, Somoe binti Mnali,
miguu imetuna, kanga bado inanukia duka.
“Elfu mbili ya nini?”
Ya kuingia, bibi.
“Kuingia wapi?”
Bwawani.
“Nilipe, mimi, kuingia shambani kwa mama?”
Foleni ikaangua kicheko.
Nikatoa noti mfukoni mwangu,
nikamkatia tiketi.
Akaigeuza mbele, nyuma,
akaifunga kwenye pindo la kanga.

Tukapanda Bibi Harusi.
“Kushoto,” akasema. “Bado. Pita yale mayungiyungi.
Polepole basi, unakanyaga mpunga.”

Hapa jaruba la shangazi Atukae.
Hapa mfereji, ulikuwa na kambale.
Hapa tulifukuza ndege kwa kopo la mawe
mpaka sauti zikatukauka.
“Simama. Hapa.”
Nikaacha kupiga pedali.
“Hawakungoja tuvune. Lango lilifungwa usiku.
Asubuhi tukaingia na visu, maji kiunoni,
kesho yake kifuani,
siku ya tatu hatukuona suke.”

Nani alilifunga lango, bibi?

Akachovya mkono hadi kwenye bangili.
Spika za ng’ambo zilibadilisha wimbo.
“Babu yako.
Alikuwa na alama ishirini na tisa,
ilibaki moja.”
Kisha, kama mtu anayekumbuka bei ya chumvi:
“Alipokuja kuposa alileta magunia mawili ya mpunga.
Mama aliyamwaga uani,
akakaa kuyapeta hadi adhuhuri
mbele ya wajumbe,
halafu ndipo akasema karibuni.”

Sikuwa na la kusema. Nilimjua babu mzee,
mtu aliyeamka usiku mvua ikinyesha
akatoka na tochi, asiseme anakwenda wapi.

Filimbi ikapulizwa: nusu saa imekwisha.
“Na ule ubao mwekundu umeandikwa nini?”
Nikamsomea: HATARI. KINA MITA NNE.
Akacheka hadi Bibi Harusi akayumba.
“Nne! Mama yalimfika magotini.”

Akaanza kupiga pedali, mguu wake mmoja mzima,
na mimi nimeachia usukani,
boti likazunguka palepale,
shingo nyeupe ikitazama mkonge, tuta,
watu, mkonge, tuta.
Filimbi ikalia tena.
Nilikuwa zamu, niliisikia.